Kupima shafti ya beringi bila kudanganywa na joto

Juzi dogo mmoja kanifuata karakana kwa mjomba hapa Kigoma, kabeba shafti ya mashine ya kukamua mawese, beringi 6212 (tundu lake ni 60 mm) inacheza na yeye anaapa alipima vizuri. Mimi kazi yangu ni utafiti wa vipimo vya viwandani, na kosa lake nilishalifanya, likanila siku nzima.

1. Futa shafti na midomo ya maikromita, kile kifaa cha kubana kinachopima mpaka sehemu ndogo sana za milimita. Venia, ile rula ya chuma yenye taya, weka pembeni, hiyo tutapimia bomba la kukata.

2. Seti ziro kwa kile kifimbo cha 50 mm kinachokuja na maikromita ya 50–75. Funga kwa racheti, kile kitasa cha mwisho kinachoteleza ukishabana vya kutosha, siyo kwa nguvu za mkono.

3. Subiri ipoe. Hapa ndo penyewe. Dogo aliijaza kwa welding, akaikereza, akapima hapohapo kwenye lethi (mashine ya kukerezea) ikasoma 60.013, akafurahi akafunga kazi. Sasa shafti ikitoka kwenye kisu inaweza kuwa na nyuzi 55 wakati maikromita ina 28, na chuma kinatanuka kama 0.0115 mm kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo piga hesabu: 60 mm ni mita 0.06, mara nyuzi 27, mara 0.0115, unapata karibu 0.019 mm. Ikipoa inabaki 59.994. Na usije ukamwagia maji ukadhani umeshinda, ganda linapoa ndani bado kunachemka, unapima sasa inasoma hivi, baada ya nusu saa vingine. Mimi nailaza juu ya kitanda cha lethi pamoja na maikromita na kile kifimbo, usiku kucha nikiweza, wateja wakinibana sana masaa mawili. Kuna watakaokuambia vipimo ni nyuzi 20, ni kweli, ndo joto la rejea duniani tangu 1931, ila chini ya bati la Kigoma utazitoa wapi? Shafti ya chuma, maikromita ya chuma, beringi ya chuma, vyote vikiwa na joto moja vinatanuka sawasawa na kosa karibu lote linajifuta. Pistoni ya alumini hapana, hiyo inatanuka kama mara mbili ya chuma, lazima upige hesabu. Na usiikumbatie maikromita kiganjani muda mrefu, nayo inapata joto lako.

4. Pima mwanzo, kati na mwisho, kila sehemu mara mbili kwa kuzungusha robo. Kazi ya welding inapenda kutoka umbo la yai.

5. Linganisha. Mimi kwa beringi hii napenda k6, kiwango cha shafti kuzidi tundu kidogo ili beringi ikae imekaza, yaani 60.002 mpaka 60.021. Upana wake wote ni 0.019, ileile iliyoliwa na joto.

Ya dogo tuliijaza upya, tukaikereza, ikalala. Asubuhi kabla jua halijapiga bati ikasoma 60.012, tukaichemsha beringi kwenye oili, ikateleza mpaka kwenye bega la shafti.