Namna ya Kuwaeleza Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza Matarajio ya Kozi, Hatua kwa Hatua

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapoingia katika ukumbi wa mihadhara, ametoka katika shule ambayo kengele ilimwambia aende wapi, mwalimu wa zamu alimkagua mavazi, na daftari lake lilisahihishwa mara kwa mara. Chuoni hakuna kengele. Hupewa karatasi tatu za maelezo ya kozi, huambiwa akazisome, na wiki sita baadaye kazi yake husahihishwa kwa vigezo ambavyo hakujua kwamba vipo. Nimefundisha Stadi za Mawasiliano nchini Tanzania kwa miaka kadhaa, katika madarasa yenye wanafunzi zaidi ya 200, na nimefikia kuamini kwamba alama nyingi zinazopotea katika muhula wa kwanza hupotea kwa sababu mwanafunzi hakuelewa anatakiwa kufanya nini. Jukumu la kumwelewesha ni letu sisi tunaofundisha. Hapa ninaeleza ninavyoyaandaa matarajio ya kozi yangu na ninavyohakikisha kwamba yamemfikia kila mmoja.

Hatua ya 1: Tenganisha kanuni za chuo na masharti yako

Chukua kanuni za mitihani za chuo chako na uandike kando yale yote ambayo huna mamlaka ya kuyabadilisha. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania, tathmini endelevu hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho wa muhula hubeba alama 60. Kiwango cha kufaulu na utaratibu wa mitihani ya marudio navyo huamuliwa na chuo. Yanayobaki mikononi mwako ni idadi ya majaribio, tarehe zake, adhabu ya kuchelewesha kazi na namna vikundi vinavyoundwa. Ziandike orodha hizo mbili kwa kuzitenganisha, kwa sababu mwanafunzi akijua lipi ni la chuo na lipi ni la mwalimu, atajua pia ombi lake alipeleke wapi. Nimewaona vijana wakimbembeleza mwalimu kwa wiki nzima awaondolee sharti ambalo hata mkuu wa idara hana uwezo wa kuliondoa, huku siku za kukata rufaa zikipita.

Hatua ya 2: Hesabu saa kabla ya kupanga kazi

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 10 ni saa 100. Ikiwa muhula una wiki 15 za kufundisha, na kila wiki ina saa mbili za mhadhara na saa moja ya semina, saa 45 humalizikia darasani. Zinabaki saa 55, yaani karibu saa tatu na dakika arobaini kwa wiki, za kusoma, kuandika na kujiandaa kwa mitihani. Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii niligundua kwamba kazi nilizokuwa nimepanga zingehitaji saa zaidi ya 80 nje ya darasa, nikafuta insha moja. Iandike hesabu hiyo ubaoni mbele ya wanafunzi. Ukimwambia mwanafunzi asome kwa bidii hatajua aishie wapi, ila ukimwambia kwamba kozi hii inamdai karibu saa nne kila wiki nje ya darasa, anaweza kufungua ratiba yake na kuzitafutia nafasi.

Hatua ya 3: Andika vitendo vinavyoweza kuonekana

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote. Maelezo mengi ya kozi yamejaa maneno ambayo mwalimu anayaelewa kwa namna yake na kila mwanafunzi anayaelewa kwa namna yake. Kwa miaka miwili maelezo yangu yalikuwa na sentensi hii: "Kila mwanakikundi ashiriki kikamilifu katika kazi ya kikundi." Kisha kikundi kimoja cha watu wanane kikaleta kazi nzuri, na nilipouliza maswali nikagundua kwamba walioiandika walikuwa wawili tu. Wengine sita walikuwa wamechanga fedha za kuchapisha na kufunga kazi. Mmoja wao alinieleza kwa utulivu na kwa heshima kwamba yeye alitoa mchango mkubwa kuliko wote, na sikuwa na sentensi yoyote ya kumwonyesha kwamba amekosea. Nilipolitafakari jambo lile nilikubali kwamba alikuwa na haki ya kuelewa hivyo. Kwetu, anayechangia harusi au msiba ameshiriki, hata kama hakufika. Neno "kushiriki" nililitumia mimi bila kulifafanua, naye akalijaza maana aliyokuwa nayo.

Sentensi hiyo sasa inasomeka hivi: "Kila mwanakikundi ataandika kurasa mbili na kuweka jina lake juu ya kila ukurasa alioandika. Siku ya uwasilishaji mwalimu atamwuliza mwanakikundi yeyote swali kuhusu sehemu yoyote ya kazi. Fedha za kuchapisha hazihesabiwi kuwa mchango wa kazi." Ni ndefu zaidi, na tangu niiandike sijapata tena mgogoro wa aina ile.

Pitia maelezo yako yote kwa jicho hilo. Kila unapokuta maneno kama "kikamilifu", "ipasavyo", "kwa wakati" au "kwa kiwango cha juu", jiulize ni kitu gani ambacho mtu wa tatu angeweza kukiona au kukihesabu, kisha andika kitu hicho. Fanya hivyo pia kuhusu kunakili. Vyuoni kwetu madesa, yaani notisi zinazonakiliwa na kurithishwa, hupita mkono kwa mkono, na mwanafunzi mgeni huamini kwamba kilicho ndani ya desa ni mali ya wote. Kwa hiyo ninaandika waziwazi kwamba kusoma desa kunaruhusiwa, na kwamba kuhamisha sentensi zake katika insha bila kutaja chanzo ni kosa lenye adhabu. Akili mnemba nayo inahitaji sentensi yake yenyewe: katika kozi yangu mwanafunzi anaweza kuitumia kutafuta mada na kukagua tahajia, haruhusiwi kuwasilisha aya iliyoandikwa nayo, na ni lazima aeleze mwishoni mwa kazi aliitumia kufanya nini. Mwalimu mwingine anaweza kuamua tofauti, mradi wanafunzi wake wajue uamuzi huo kabla hawajaanza kuandika.

Hatua ya 4: Andika siku na saa bila kuacha mwanya

Anayefundisha katika nchi ambamo watu huhesabu saa kwa Kiswahili na kuziandika kwa Kiingereza ana mtego ambao vitabu vya ualimu vya nchi nyingine havimwonyi. Mwaka mmoja niliandika kwamba insha ipokelewe Ijumaa saa 12:00, nikikusudia adhuhuri. Wapo walioleta adhuhuri. Wapo waliosoma "saa kumi na mbili" wakaleta jioni wakati ofisi imefungwa, na wapo walioelewa usiku wa manane. Muhula uliofuata nikajirekebisha kwa kuandika "usiku wa Ijumaa", na mwanafunzi mmoja aliyekulia Pemba akaleta kazi yake Alhamisi, akiwa amekesha siku mbili kuimaliza. Kwake, kama ilivyo kwa watu wengi wa pwani, siku huanza jua linapozama, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Alikuwa sahihi kwa Kiswahili cha kwao, akapoteza siku nzima kwa sababu yangu.

Sasa huandika siku, tarehe, saa kwa Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, na mahali: "Ijumaa, tarehe 14, saa 10:00 alasiri, katika sanduku lililo mlangoni mwa ofisi." Kazi zinazowasilishwa kwa mfumo wa kompyuta, ambao hufuata saa 24, huongezewa maandishi ya mfumo huo: "saa 10:00 alasiri, ambayo kwenye mfumo huonekana 16:00." Ninaepuka usiku wa manane kabisa. Palepale chini ya tarehe ninaweka adhabu ya kuchelewa kwa hesabu iliyokamilika: alama moja kati ya 10 hupunguzwa kwa kila siku, na baada ya siku tano kazi haipokelewi.

Hatua ya 5: Waonyeshe kazi iliyosahihishwa

Vigezo vya usahihishaji vikitolewa peke yake havitoshi, hata vikipangwa vizuri kwenye jedwali. Mimi huandika aya mbili juu ya mada moja, nikiziandika mwenyewe ili nisimwaibishe mwanafunzi yeyote wa zamani. Aya ya kwanza ina maneno makubwa na sentensi zinazopendeza masikioni, lakini haina hoja inayoweza kuthibitishwa. Ya pili ina lugha rahisi, hoja yake iko katika sentensi ya kwanza, na inafuatiwa na ushahidi wenye chanzo. Ninawapa wanafunzi wakiwa wawiliwawili, wazisahihishe kwa kutumia jedwali la vigezo, kisha wanyooshe mikono kwa kila alama. Karibu kila mwaka wengi huipa aya ya kwanza alama nyingi. Ninapowaeleza kwamba mimi ningeipa 4 kati ya 10 na ile ya pili 8, ukumbi hunyamaza, na hapo ndipo maswali ya maana huanza kuulizwa.

Kwa kuwa kozi hufundishwa kwa Kiingereza na maelezo rasmi huandikwa kwa lugha hiyo, ninatenga dakika kumi kueleza kwa Kiswahili vitenzi vinavyotumika katika maswali. Kueleza, kulinganisha, kujadili na kutathmini ni kazi nne tofauti, na mwanafunzi aliyeulizwa kutathmini akaeleza tu atapoteza nusu ya alama hata kama kila alichoandika ni kweli. Wapo wenzangu wanaoona kutumia Kiswahili hapo ni kushusha kiwango. Sikubaliani nao, kwa sababu mtihani wenyewe unabaki kwa Kiingereza, na ninachofanya ni kuhakikisha kwamba ninapima alichojifunza.

Hatua ya 6: Katika kipindi cha kwanza, pima uelewa

Usiyasome maelezo ya kozi kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wagawie, wape dakika 15 wasome, kisha uwape visa vitano wavijibu kwa maandishi wakiwa wawiliwawili. Mfano: "Umeugua asubuhi ya siku ya jaribio. Utamjulisha nani, ndani ya saa ngapi, na utaleta karatasi gani?" Kusanya majibu, uyasome jioni ile ile, na sehemu ambayo majibu mengi yamekosewa ichukulie kuwa hukuiandika vizuri.

Kipindi hicho ukirudie katika wiki ya tatu. Udahili wa vyuo vikuu hufanyika kwa awamu, na wapo wanaochelewa kufika kwa sababu ya ada au mkopo, kwa hiyo ukumbi wa wiki ya kwanza si darasa kamili. Wanaochelewa hupokea matarajio yako kwa masimulizi ya wenzao, na masimulizi hayo hupungua kila yanapopita kinywa kingine.

Hatua ya 7: Chagua mahali pamoja pa matangazo, na eleza ofisi yako ni ya nini

Tangazo rasmi liwe mahali pamoja tu, na kikundi cha WhatsApp kinachosimamiwa na kiongozi wa darasa kitumike kukumbushia. Liandike hilo. Ujumbe wa sauti uliosambazwa na mtu asiyejulikana haubadilishi tarehe ya jaribio.

Kuhusu ofisi, kumbuka kwamba mwanafunzi huyu ametoka mahali ambapo kuitwa ofisini kulimaanisha amekosa. Ukiandika tu kwamba unapatikana Jumanne saa 8:00 hadi 10:00 mchana, hatakuja, ataona anakusumbua. Mimi huandika pia mambo matatu ambayo mtu anaweza kuja nayo: swali ambalo hakulielewa, rasimu ya ukurasa mmoja, au alama anayotaka aelezwe. Katika wiki ya nne ninawaita watano watano kwa dakika kumi, wote bila kubagua, ili kila mmoja awe ameuvuka mlango ule angalau mara moja.

Hatua ya 8: Rudia karibu na kazi, na mabadiliko yaandikwe

Wiki moja kabla ya kila kazi, rudia masharti ya kazi hiyo peke yake kwa dakika tano. Ukilazimika kubadilisha tarehe, toa tangazo lenye tarehe ya zamani, tarehe mpya na sababu, na usiilete mapema zaidi kamwe. Mwanafunzi aliyepanga safari ya msiba au zamu ya kibarua kwa kufuata karatasi yako asiadhibiwe kwa kukuamini.

Mwisho, weka daftari la maswali. Kila swali la utaratibu linaloulizwa na wanafunzi wawili tofauti ninaliandika pamoja na sentensi iliyolisababisha, na likizo inapofika ninaanza na sentensi hizo kabla ya kugusa kitu kingine chochote katika kozi. La mwaka huu linaloongoza linahusu barua ya hospitali: niliandika kwamba iletwe "mapema", na nilipaswa kuandika siku ngapi.