Msimu wa kwanza wa bustani ya nyumbani, hatua kwa hatua (na jinsi maji yalivyonitoa jasho)

Juzi jirani aliniita kwa sauti ya msiba: "Jirani, njoo uone, nyanya zangu zimeingiliwa na ugonjwa." Nikageuza tunda moja. Kitakoni lina doa jeusi lililobonyea, gumu kama soli ya kiatu. Nikacheka, kisha nikamwomba radhi, maana doa hilohilo ndilo lililomaliza uzao wangu wa kwanza, ndoo sita nzima, huku mimi napulizia dawa ya ukungu isiyohusika hata kidogo. Nilikaa naye nikamwandikia hatua hizi. Ameshachelewa kwa baadhi, wewe bado.

Hatua ya 1: Pima jua

Nyanya, pilipili hoho na biringanya zinataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku. Spinachi na saladi zinavumilia hata saa 4. Usikisie. Siku uliyo nyumbani, chungulia kila saa uandike. Mimi niliapa kwamba ukuta wa nyuma unapigwa na jua kutwa. Nilipohesabu, ni saa 3.

Hatua ya 2: Chagua mazao matatu

Matatu tu. Mimi nilianza na kumi na moja nikawa sijui lipi linaumwa na lipi lina njaa.

Hatua ya 3: Udongo

Changanya udongo na mboji iliyooza vizuri, ile inayonuka kama ardhi baada ya mvua. Ikinuka choo, haijawa tayari. Samadi mbichi inaunguza mizizi na hubeba vimelea vinavyoleta maradhi ya tumbo. Iache ioze miezi kadhaa kwanza. Ukipanda kwenye ndoo, nyanya moja ipe ndoo ya lita 20 yenye matundu chini. Na tafadhali achana na kokoto chini ya ndoo. Maji hayashuki kwa wepesi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanatuama juu yake, kwa hiyo umeipunguzia mizizi nafasi na bado imelowa. Matundu yanatosha.

Hatua ya 4: Mbegu

Kina cha kufukia ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Ya nyanya inafunikwa kidogo tu, ya maharage inazama sentimita 3 hivi. Karoti zipandwe palepale zitakapokulia. Ukizihamisha mzizi unapinda na kugawanyika kama suruali. Miche ikisongamana ipunguze, hata kama roho inauma. Ukiionea huruma yote, utavuna majani.

Miche ikilala ghafla huku shina limenyong'onyea usawa wa udongo, hicho ni kinyaushi, na haiponi. Ing'oe, punguza maji, acha hewa ipite.

Hatua ya 5: Kupandikiza

Miche izoeshe jua taratibu kwa wiki moja, halafu hamisha jioni. Mche wa nyanya ufukie mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina lake huota mizizi. Mingine iache kina kilekile ilichokuwa nacho.

Hatua ya 6: Maji

Hapa ndipo nilipopoteza msimu, kwa hiyo nivumilie.

Kila jioni nilikuwa natoka na mpira wa maji, nanyunyizia dakika tano hivi mpaka udongo unang'aa, najiona mkulima hodari. Mche mmoja ulipokufa nikaung'oa. Udongo wa juu, upana wa vidole viwili, ulikuwa umelowa. Chini yake vumbi tupu! Mizizi yote ilikuwa imejikunja pale juu, inasubiri mgao wa jioni. Kisha nikasafiri siku mbili, nikarudi nikakuta majani yamelegea, na kwa majuto nikamwagia kila shina ndoo nzima.

Ukame, mafuriko, ukame. Hiyo ndiyo inayoleta kuoza kitako, yaani lile doa jeusi. Tunda linahitaji madini ya kalisi (kalsiamu), na kalisi husafiri ndani ya mmea ikiwa imebebwa na maji. Maji yakikatikakatika, kitako cha tunda ndicho kinachokosa, na seli zake zinakufa. Mara nyingi kalisi kwenye udongo ipo ya kutosha, tatizo ni usafiri. Ndiyo maana maganda ya mayai niliyotwanga na kumwaga kwa imani kubwa hayakunisaidia: yanachukua miezi kuvunjika, na hata yakivunjika hayaleti maji. Tunda lililokwishapata doa halirudi kuwa zima. Lichume, mmea upeleke nguvu kwa mengine.

Sasa nafanya hivi. Nachomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, naondoka. Kikitoka kikavu, namwagilia shinani, taratibu, kwa keni, mpaka maji yaanze kutoka kwenye matundu ya chini. Asubuhi, na si juu ya majani, kwa sababu majani yaliyolala na maji yanakaribisha ukungu. Mpira upo stoo na utakaa huko. Chupa zilizotobolewa na kuzikwa karibu na shina nazo nilizijaribu: matundu yanaziba na wewe unajidanganya kwamba mmea unakunywa.

Kuna mitego. Mchana wa jua kali majani yanaweza kulegea hata udongo ukiwa na maji. Subiri jioni, yakisimama yenyewe hukuwa na kazi ya kufanya. Mmea uliozamishwa nao unalegea sawasawa na wenye kiu, maana mizizi inayokosa hewa hainywi, kwa hiyo usiamini majani, amini kidole. Ndoo inakauka haraka kuliko tuta, na kwenye joto kali inaweza kudai maji kila siku. Miche iliyochipua juzi haihusiki na kanuni hii ya kidole, mizizi yake iko juujuu na inataka unyevu mwepesi muda wote.

Halafu tandaza nyasi kavu au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Kwa matandazo peke yake nilipunguza kumwagilia karibu nusu. Tulipochomeka kidole kwenye ndoo ya jirani kilitoka na vumbi. Juu kulikuwa kumelowa.

Hatua ya 7: Miti na wadudu

Simika mti wa kuegemeza nyanya siku ileile unayopandikiza, ukichelewa unatoboa mizizi. Funga kwa kitambaa laini, usikaze.

Vidukari hujificha chini ya jani. Waoshe kwa maji ya nguvu, rudia baada ya siku mbili. Viwavi niliwaokota kwa mkono usiku kwa tochi, kazi ya dakika kumi. Mmea ukiwa na majani ya kijani kibichi yaliyojaa lakini hauna maua, acha mbolea ya naitrojeni, umeushibisha upande mmoja.

Hatua ya 8: Kuchuma

Spinachi chuma majani ya nje, kiini kibaki. Maharage mabichi yachume mara kwa mara, ukiyaacha yakomae mmea unaacha kuzaa. Nyanya zikianza kugeuka rangi unaweza kuzichuma kabla ndege hawajakuwahi, zitaivia ndani. Ziache mezani, si kwenye friji, baridi inaua ladha yake.