Midomo ya watu ukiamua kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito

Kosa langu lilikuwa kutangaza mapema. Siku niliyopangiwa tarehe niliandika kwenye kundi la familia, na kufikia jioni jumbe zilikuwa 41. Mbili tu ndizo zilizouliza hali yangu. Zilizobaki zilikuwa hukumu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo, amua nani lazima ajue. Kwangu ilitosha awe mtu wa kunisindikiza hospitali na wa kukaa nami siku zile za mwanzo za kunywa vya majimaji tu. Kazini nilisema, "Nafanyiwa upasuaji wa tumbo." Si uongo, na hakuna aliyechimba zaidi.

Kwa walio karibu nawe, sikiliza kilichojificha nyuma ya maneno. Mama aliniambia, "Mwili mzima hauna kidonda, unaenda kuukata?" Nikamjibu kwa ukali. Siku tatu hatukusemeshana, mpaka dada akanishtua: mama anaogopa hutatoka hai. Nikaenda naye kwa daktari. Daktari akachora tumbo kwenye karatasi, akapaka wino sehemu itakayotolewa, zaidi ya robo tatu. Akamweleza kwamba hatari ya kufa si kubwa kama watu wanavyodhani, inakaribiana na ya kutolewa mfuko wa nyongo. Mama aliuliza swali moja tu: "Atakula tena?" Atakula, ila kidogo kidogo. Karatasi ile aliikunja akaitia kwenye mkoba, na mpaka leo imo humo.

Wa "umechukua njia ya mkato" ni wengine. Mwanzoni niliwapa somo zima: kwamba sehemu inayokatwa ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa; kwamba ukijinyima chakula homoni hiyo hupanda na mwili hupigania kilo zake. Nilipoteza muda. Anayetaka kujua huuliza. Anayetaka kushinda hungoja umalize. Siku hizi nasema, "Zile ndefu nilishazipita zote," kisha nabadilisha mazungumzo. (Njia ya mkato gani hiyo, ya kumeza vitamini maisha yako yote?)

Mezani ndiko kugumu. Watu watahesabu vijiko vyako na kukusogezea glasi ya maji, nawe umekatazwa kunywa pamoja na chakula. Sema "Nimeshiba, asante." Wakirudia, rudia maneno yaleyale. Usitoe sababu, maana kila sababu ina mtu wa kuipinga.

Sifa nazo huchoma. "Sasa umependeza!" Na zamani je? Hapo sina dawa. Mimi huitikia asante nikapita.

Ila usizibe masikio kabisa. Mwezi wa nne baada ya upasuaji nywele zilinitoka kwa mafungu, kila mtu akawa na lake, na daktari akasema hutokea kwa wengi na kwa kawaida huota tena. Lakini binamu yangu hakuzungumzia nywele. Alisema, "Mbona ukipanda ngazi unahema hivyo, na midomo imepauka?" Nilikasirika, kisha nikaenda kupima. Damu ilikuwa imepungua, madini ya chuma yako chini; vidonge nilikuwa nimeviruka wiki kadhaa. Huyo bado namruhusu aseme anachotaka.