Jinsi ya kuunda meza ya kuvuta vifaa vya kupandia miamba hadi vikatike

Mwezi uliopita vijana wawili wanaoongoza wageni Mlima Kenya waliniletea gunia la slingi (vitanzi vya utepe imara) na karabina (pete za chuma zenye mlango) kuukuu, wakiuliza kama zinafaa kwenda nazo Batian, kilele kirefu zaidi cha mlima huo. Slingi moja ilikuwa imepauka kwa jua ikawa nyeupe, lakini chini ya mshono bado nyekundu. Tukaivuta hapa karakanani Nanyuki. Haikufika hata nusu ya 22 kN (kilonewton, kipimo cha nguvu ya mvuto) zinazotakiwa. Meza yenyewe inaundwa hivi.

1. Fremu. Chaneli mbili nzito za chuma, mita 3, zilizochomelewa sambamba. Toboa matundu kila sentimita 20 upande mmoja ili nanga, yaani ncha ya kufungia kifaa, isogezwe, maana kamba hunyumbuka kuliko jeki inavyoweza kuvuta.

2. Jeki. Chukua ya kuvuta, tani 10, kama ile ya mafundi wa kunyoosha bodi za magari, yenye pampu ya mkono na mpira wa mafuta wa mita 3 au zaidi. Cheni bloki usiiguse: inavuta kwa kushtua. Pampu ya umeme nayo siipendi. Mkono unahisi kifaa kinapoanza kulegea.

3. Lodi seli, yaani kipima nguvu ya mvuto. Hapa nilipoteza siku mbili. Karabina mpya iliyoandikwa 22 kN ilikatika kwa 17. Nikavunja ya pili, hali ileile, nikaanza kumlaumu muuzaji. Kumbe kosa lilikuwa langu: seli nilikuwa nimeifunga kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu, hivyo mvuto ulipokuwa kidogo pembeni seli ilipinda, na namba ikadanganya. Ingedanganya kuelekea juu, ningempa mtu kifaa kibovu aende nacho mwambani.

Kwa hiyo iache seli ining'inie huru kati ya vyuma viwili vya umbo la U vyenye pini, ijinyooshe yenyewe. Chagua ya tani 5, na kisomeo kinachoshika namba ya juu kabisa, kwani kinachosoma mara chache kwa sekunde hukosa kilele. Kisha ihakiki. Mimi natumia mapipa ya maji, kwa sababu lita moja ni kilo moja. Mifuko ya saruji siiamini hadi niipime. Tundika pipa tupu, ongeza lita 50, andika, ongeza tena. Kilo 102 ni 1 kN. Namba zisipopanda kwa hatua sawa, simama hapo. Mapipa mawili yaliyojaa hayafiki hata 5 kN, kwa hiyo kwa mizigo mikubwa peleka seli maabara ya vipimo ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, Nairobi. Gharama hiyo usiikwepe.

4. Pini. Karabina huvutwa kwa pini za milimita 12. Pini nyembamba hubadilisha matokeo.

5. Kinga. Funika meza kwa polikaboneti nene. Asisimame mtu kwenye mstari wa mvuto, hata wa kupiga picha.

6. Kuvuta. Polepole. Karabina ambayo mlango wake umefungwa ifike 20 kN kwa urefu, 7 kwa upana. Kamba tuli (isiyonyumbuka sana) ya aina A yenye fundo la umbo la namba 8 ishike 15 kN kwa dakika 3.

Kilichovutwa, hata kama hakikukatika, kikate kwa msumeno siku hiyohiyo. Tena slingi moja ikifaulu haimaanishi dada yake ni mzima, kama hujui kila moja ilianikwa wapi. Vijana wale niliwaambia wazikate zote zilizopauka, na wakazikata mbele yangu.