Namna ya Kulinganisha Msamiati wa Lugha za Kimasa, Hatua kwa Hatua

Kabla ya yote, sikio la Mswahili lisidanganyike: Wamasa si Wamaasai. Wamasa huishi kandokando ya mto Logone, kuzunguka Bongor nchini Chad na Yagoua nchini Kamerun, na lugha yao ni ya familia ya Kichadi, pamoja na Kihausa. Mwaka 1977 mwanaisimu Paul Newman alikipa Kimasa na ndugu zake tawi la nne la familia hiyo, mbali na matawi ya Magharibi, Kati na Mashariki, ilhali wataalamu wengine huziingiza katika tawi la Kati. Jedwali ninaloelekeza hapa ndilo ninalotumia kupimia madai hayo.

Hatua ya kwanza ni kuhakiki majina, kwa kuwa vitabu vya kikoloni viliwaita Wamasa na majirani zao “Banana”, na jina Zime hujumuisha lugha zaidi ya moja. Andika msimbo wa ISO, yaani herufi tatu za kimataifa za kuitambulisha lugha, kando ya kila lugha: Kimasa mcn, Kimusey mse, Kimarba mpg, Kipeve lme. Usichanganye Kimusey na Kimusgu, ambacho ni cha tawi la Kati.

Hatua ya pili, kusanya maneno ya viungo vya mwili, hesabu na viumbe. Maneno ya desturi yaweke kando, hasa yale yanayohusu kambi za ng'ombe ambako vijana hunenepeshwa kwa maziwa, kwa sababu Wamasa wanaishiriki desturi hiyo na Watupuri, ambao lugha yao si ya Kichadi hata kidogo.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi, nami iliniangusha. Nomino za Kimasa huorodheshwa zikiwa na kiambishi tamati cha jinsia, -na kwa kiume na -da kwa kike, kwa hiyo *irna* (jicho), *humna* (sikio) na *kulufna* (samaki) huonekana kana kwamba zina mwisho wa asili unaofanana. Katika jedwali langu la kwanza nilizihesabu hizo -na kuwa sehemu ya mzizi, na kazi ya wiki nzima ikaenda na maji. Kata kiambishi kwanza, ubaki na *ir*, *hum* na *kuluf*, ila kihifadhi katika safu yake, maana jinsia nayo ni ushahidi.

Hatua ya nne, tafuta ulinganifu wa sauti unaojirudia, si mfanano wa macho. Kwa “nne” Kimasa kina *fiɗi* na Kihausa *huɗu*. Hapo Kihausa ndicho kilichobadilika, kwani lahaja zake za magharibi bado husema *fuɗu*. Andika toni pia.

Hatua ya mwisho, tenga urithi na badiliko jipya. Hiyo *f* ya *fiɗi* ni urithi wa tangu zamani, na urithi hauthibitishi tawi, kwa kuwa ndugu yeyote aweza kuutunza. Rudi sasa kwenye *kuluf*: Kihausa kina *kifi*, nacho Kimafa cha tawi la Kati kina *kilef*. Ikiwa babu wa lugha zote za Kichadi alikuwa na *r* mahali pa *l* hiyo, kama Newman alivyoona, basi *l* ni badiliko ambalo Kimasa na Kimafa wamelishiriki, na neno hilo moja linaegemea upande wa wanaoliunganisha tawi hili na la Kati. Litie alama, kisha tafuta maneno mengine yenye *l* ya namna hiyo kabla hujaandika neno “tawi” popote.