Somo: jicho linavyokudanganya barabarani, na jinsi ya kukadiria umbali wa breki zako

Wakuu, wengi tunaamini tunaiona spidi ya gari ya mbele. Hatuioni. Jicho linaona kitu kinavyozidi kuwa kikubwa tu, na hapo ndo tunapoumia.

Hatua ya 1: soma ukuaji. Lori limesimama mbele huko, unalikimbilia, na kwa sekunde kibao linabaki kadogo vilevile mpaka unadhani linatembea, halafu ghafla limejaa kioo kizima. Ni hesabu tu, umbali ukipungua nusu upana wake machoni unakuwa mara mbili, sasa kutoka mita 200 hadi 100 na kutoka 20 hadi 10 jicho linaona badiliko lilelile ila la pili linaisha mara kumi haraka zaidi. Mwanasaikolojia David Lee alishaeleza mwaka 1976 kwamba kasi ya huo ukuaji, ukiilinganisha na ukubwa wa kitu machoni, inatosha kukupa sekunde zilizobaki kabla ya kugongana, hata umbali huujui. Shida ni kwamba ukiwa mbali ukuaji wenyewe hauonekani.

Hatua ya 2: achana na mita, hesabu sekunde. Gari ya mbele ikipita nguzo anza "mia na moja, mia na mbili", yaani sekunde mbili, ukifika nguzoni hujamaliza umebana sana. Mvua ikinyesha fanya nne.

Hatua ya 3: jumlisha na mguu. Kwenye 100 kwa saa unakula karibu mita 28 kila sekunde, ukichelewa sekunde moja na nusu mita 42 zimeenda na breki hujaigusa, ndo uongeze kama 55 za breki yenyewe kwenye lami kavu. Kwenye 50 breki inataka kama 14 tu.

Hatua ya 4: ukitoka barabara kuu angalia mshale. Ukishazoea 110, ukishuka 70 unahisi unatambaa. Mimi hivyo hivyo nilimpigia mtu bampa ya nyuma, nikiapa nilikuwa pole pole.

MASWALI

Mkuu 50 na 70 si tofauti ndogo tu?
– Wawili wakamate breki sehemu moja, wa 50 asimame akigusa kizuizi, wa 70 anakipiga akiwa bado na kama 49. Na hapo muda wa mguu sijauhesabu.

Kwa nini pikipiki inakuja ghafla hivyo?
– Ni nyembamba, na kitu kidogo tunakidhania kitachelewa kufika kuliko kikubwa. Usiku ni taa moja tu, huna hata upana wa kulinganisha. Ukitaka kukata kona mbele yake, subiri ipite.

Mi nina ABS, hii inanihusu?
– Inakuhusu sana. ABS inazuia tairi zisijifunge ili uweze kukata usukani huku umekanyaga. Kwenye kokoto inaweza hata kukupeleka mbele zaidi.