Kumwandaa mgonjwa wa kisukari kwa upasuaji wa mtoto wa jicho

Siku za kambi ya macho hapa Kigoma, foleni ikifika getini, kitu cha kwanza kupunjwa ni muda wa ayodini, dawa ya kuua vijidudu jichoni kabla ya upasuaji. Wenzangu wauguzi, msiupunje. Bakteria wengi wanaoharibu jicho baada ya upasuaji ni stafilokokasi, aina ya vijidudu vya mgonjwa mwenyewe, wanaoishi kwenye kope na utando wa jicho lake. Mwenye kisukari mara nyingi huwa nao wengi zaidi, na wakipenya ndani mwili wake hupambana nao kwa shida.

Hatua ya 1: Mkague mapema. Bonyeza kifuko cha machozi, kati ya pua na kona ya jicho. Usaha ukichomoza, ahirisha, hata kama bibi ametoka kijiji cha Kalya kwa boti. Kope zenye magamba zisafishwe kila siku kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu hadi zitulie.

Hatua ya 2: Pima sukari asubuhi. Awe wa kwanza kwenye orodha, asikae na njaa.

Hatua ya 3: Ayodini. Hapa ndipo penye kazi. Weka matone ya ganzi, si jeli, kwa sababu jeli huizuia ayodini kugusa utando. Paka povidoni ayodini ya asilimia 10 kwenye kope, nyusi na shavu. Ndani ya jicho tumia ya asilimia 5, ya maji. Ile ya sabuni inaunguza konea, kioo cha mbele cha jicho. Vuta kope ya chini, dondosha, kisha: "Bibi, tazama juu. Haya, tazama miguuni." Dakika 3 kwa saa ya ukutani, ndipo usafishe kwa maji ya chumvi. Akisema dagaa humwasha, hiyo si sababu ya kuacha ayodini. Matone ya antibayotiki pia hayachukui nafasi yake.

Hatua ya 4: Nywele za kope usizikate. Zikunje chini ya plastiki ya kunata.

Hatua ya 5: Mwisho wa upasuaji, daktari hudunga antibayotiki ya sefuroksimu miligramu 1 katika mililita 0.1 ndani ya jicho. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2007 ulionyesha hatari ya maambukizi ndani ya jicho hupungua takriban mara tano. Watu wawili wahakiki uchanganyaji, kwani dozi ikizidi huumiza retina, utando wa nyuma wa jicho unaopokea mwanga.

Hatua ya 6: Wa vijiji vya ziwani akae kwa ndugu mjini wiki ya kwanza. Maumivu, wekundu au kuona kufifia: arudi saa hiyo hiyo, hata usiku. Mweleze na anayemsindikiza, maana ndiye atakayeliona jicho.